Mpime mkaaji kabla hujaijenga nyumba

Nyumba ya kwanza ya wanasesere niliyotengeneza ilikuwa ya ghorofa, vyumba vitano, ngazi, na madirisha ya kufungua na kufunga. Ilikuwa zawadi ya mpwa wangu aliyetimiza miaka sita. Tulipoifunua alipiga kelele za furaha, akakimbia kumleta mwanasesere wake na kumwingiza mlangoni. Kichwa kikapita, mabega yakagoma. Mwanasesere alikuwa na kimo cha karibu sentimita 30, nami nilikuwa nimewajengea watu wa sentimita 14. Tangu siku ile aliishi juu ya paa.

Kwa hiyo, kabla ya mbao na rangi, uliza nani atakaa humo. Mafundi wengi wa kazi hii hutumia kipimo cha 1:12, yaani inchi moja kwa kila futi. Mtu wa sentimita 170 anabaki na 14 hivi, mlango wa mita mbili unakuwa sentimita 17 kasoro, na kiti cha kimo cha sentimita 45 hakifiki hata 4. Wale wanasesere warefu wa mitindo wanataka 1:6. Usidhani ni kuongeza kidogo tu: kila upande ukizidishwa mara mbili, sakafu inakuwa mara nne, na nyumba yako inageuka kabati.

Mimi sikadirii kwa macho tena. Nachukua futi kamba, napima meza ninayolia chakula, nagawanya kwa 12. Na kinachosahaulika sana ni unene. Ubao wa milimita 6 unaonekana mwembamba ukiwa mkononi, lakini ufanye uso wa meza ya 1:12 uone: ni sawa na meza ya kweli yenye unene wa sentimita 7. Ndiyo maana kazi nyingi za wanaoanza zinaonekana nzito hata zikipakwa rangi nzuri. Kadibodi ngumu ya milimita 2 inatosha kwa fanicha. Ubao mnene uache kwa kuta na sakafu.

Tukija kwenye zawadi yenyewe, siku hizi sijengi nyumba nzima. Natengeneza chumba kimoja ndani ya sanduku, mbele wazi. Narcissa Niblack Thorne wa Marekani alifanya hivyo kwa kiwango ambacho mimi na wewe hatutakifikia: katika miaka ya 1930 aliajiri mafundi wakamtengenezea vyumba vya 1:12, na 68 kati yake vipo kwenye jumba la makumbusho la Art Institute of Chicago hadi leo. Nyumba nzima inakudai vyumba vitano vya kujaza, na kufika cha tatu umechoka, unabandika chochote. Chumba kimoja unaweza kukijaza mambo ya mtu mmoja.

Bibi yangu alikuwa fundi wa nguo, basi nikamtengenezea chumba chake cha kushonea. Cherehani ilikuwa kipande cha mbao laini nilichokichonga kwa kisu na msasa, nikakipaka rangi nyeusi, gurudumu lake kifungo cha shati. Vibunda vya uzi ni vipande vya kijiti cha meno nilivyozungushia uzi halisi. Futi kamba ni ukanda wa karatasi wa upana usiozidi milimita 2, umetupwa begani mwa kiti kama alivyozoea kuutupa.

Kilichonitoa jasho ni kitambaa. Unaweza kupunguza ukubwa wa nguo, lakini uzito wake haupungui kwa kipimo hichohicho, kwa hiyo pazia dogo linasimama kama ubao badala ya kuanguka. Tafuta kitambaa chembamba kabisa chenye maua madogo. Kichovye kwenye gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, kikunje marinda juu ya karatasi ya nailoni, kibane kwa pini, ukiache usiku kucha. Asubuhi marinda yameshika.

Mengine ni mpangilio wa kazi. Paka rangi na bandika karatasi za ukutani kabla hujaunganisha kuta. Mkono wa mtu mzima hauzunguki ndani ya chumba cha kimo cha sentimita 20, nimejaribu. Kadibodi ipake pande zote mbili, la sivyo itajikunja ikikauka. Supaglu usiisogeze karibu na plastiki angavu ya dirisha, maana mvuke wake unaacha ukungu mweupe usiofutika. Dirisha langu moja liliharibika hivyo, nikalificha kwa pazia na kujifanya ndivyo nilivyokusudia. Taa ukiweza iweke nje ya dirisha, nyuma ya ukuta, mwanga uingie kama wa jua.

Kuhusu taa sitanii hata kidogo: zile betri bapa za mviringo mtoto akimeza zinaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Kisanduku cha betri kiwe cha kufungwa kwa skrubu. Na mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe chumba chenye vitu vidogo, hata mama yake akikubembeleza. Mchongee viti vikubwa vya mbao visivyoingia mdomoni, vitu vidogo vitamfikia kwa wakati wake.

Nimeacha pia kugandisha fanicha kwa gundi. Naweka punje ya nta laini chini ya kila mguu. Inashika vya kutosha kubebwa, na inaachia ukivuta. Zamani niliona ni uvivu. Bibi alipopewa chumba chake alikitazama muda mrefu bila kusema neno, nikaanza kujiuliza nimekosea wapi. Kisha akaingiza vidole viwili, akakinyanyua kiti, akakigeuza.

"Nilikuwa nakaa huku," akasema. "Dirisha mkono wa kushoto."