Wapunguze siku, wasipunguze waokoaji

Mhariri,

Juma hili mmetuuliza wasomaji: mashindano ya baiskeli za milimani ya siku nyingi yakiondokewa na mdhamini wake mkuu miezi michache kabla ya kuanza, waandaaji wapandishe ada ya ushiriki, wahangaike kumtafuta mdhamini mwingine, au waahirishe? Jibu langu halimo katika hayo matatu. Nasema wayafupishe. Siku saba ziwe nne, au hata tatu, na fedha iliyobaki iende kwenye njia na kwa watu wanaoisimamia njia hiyo.

Nimeshiriki mbio za namna hii mara mbili nikiwa mwendeshaji, na mara tano nimejitolea kuhudumu kwenye vituo vya maji. Mmoja wa miaka hiyo mitano ulikuwa mwaka ambao mdhamini mkuu alijitoa. Vibao vya namba, vile vinavyofungwa mbele ya usukani, vilikuwa vimekwisha kuchapwa vikiwa na jina la kampuni iliyojitoa kwa herufi kubwa kuliko namba yenyewe, na fedha ya kuchapa vingine haikuwapo. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza tulikaa wahudumu saba chini ya hema, tukakata vipande vya utepe mweupe na kuvibandika juu ya jina lile, kibao kimoja baada ya kingine, hadi usiku wa manane. Kesho yake mvua ilinyesha. Walipofika mto wa pili, utepe ulikuwa umeanza kubanduka na jina lile likawa linasomeka tena chini ya tope.

Hilo la vibao lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa redio za mawasiliano. Ili kubana matumizi, waandaaji walikodi nusu tu ya redio zilizohitajika, na kituo chetu kikawa miongoni mwa vilivyokosa. Siku ya tatu mshiriki mmoja alianguka kwenye mteremko wa mawe juu kidogo ya kituo, akavunjika mtulinga. Tulimkalisha chini ya mti, mkono wake ukiwa umefungwa kifuani kwa shati la mwenzangu, jasho baridi likimtiririka, huku mwenzangu huyo akikimbia kwa miguu hadi kituo cha mbele kuomba msaada. Gari la wagonjwa lilitufikia baada ya karibu saa nzima. Jioni ile, kwenye mstari wa kumalizia, lile lango kubwa la kujazwa upepo lilikuwa limesimama, muziki ulikuwa unapigwa, na skrini ya matokeo ilikuwa inawaka kama kawaida. Waandaaji walikuwa wamechagua kulinda kile kitakachoonekana kwenye picha, kwa sababu walitumaini kwamba picha hizo ndizo zitakazomvuta mdhamini wa mwaka unaofuata. Siwataji, na naamini hawakukusudia mabaya, lakini tangu siku hiyo nina msimamo.

Msimamo wenyewe unatokana na namna mbio hizi zinavyokula fedha. Mbio za siku moja zina mahali pamoja pa kuanzia na kumalizia. Mbio za hatua, yaani za siku nyingi zenye kipande kipya cha njia kila siku, mara nyingi huhamisha kijiji kizima: mahema yanang'olewa alfajiri, magari yanabeba mizigo ya washiriki, majiko, vyoo, mabafu, mashine za kuoshea baiskeli na vifaa vya mafundi, na vyote hivyo lazima viwe vimesimama tena mahali pengine kabla mshiriki wa kwanza hajafika. Njia ya kila siku inahitaji alama zake, wasimamizi wake kwenye makutano, madaktari wake, ruhusa za wenye mashamba inakopita, na gari la mwisho linalowaokota waliozidiwa. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya gharama huhesabiwa kwa siku. Ukiondoa siku nzima, umeondoa gharama yake yote na siku zilizobaki zimebaki kamili. Ukiamua kuzibakiza siku zote saba na kunyofoa kidogo kidogo katika kila moja, utakachonyofoa ni kile kisichoonekana hadi siku mtu atakapoanguka.

Najua wengi wakifikiria mbio hizi huwa na picha ya Cape Epic ya Afrika Kusini, iliyoanza mwaka 2004. Ni siku 8 za waendeshaji wawili wawili ambao hawaruhusiwi kuachana kwa zaidi ya dakika 2, wakifuatwa na helikopta za kupiga picha, na kwa miaka mingi jina la benki ya Absa limetangulia jina la mashindano yenyewe. Naziheshimu sana mbio zile. Lakini ukubwa ule hubebwa na fedha ya televisheni, ya benki na ya washiriki wanaotoka pembe zote za dunia, na mashindano ya kawaida yanayojaribu kuiga sura ile bila kuwa na misuli ile ndiyo huporomoka mdhamini mmoja anapofunga mkoba.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka nchi hiyohiyo. Mbio za sani2c zilianza mwaka 2005, zikianzishwa na mkulima, Glen Haw, kwa lengo la kuchangia jamii za eneo lake. Ni za siku 3 tu, zinashuka kutoka chini ya milima ya Drakensberg hadi Bahari ya Hindi, na njia yake inakatiza mashamba ambayo wenyewe wanashiriki kuitunza. Chakula na huduma za kambini hutegemea sana shule na vikundi vya wenyeji, ambavyo hupata mapato kwa kazi hiyo. Jina la mdhamini lililowekwa mbele ya sani2c limebadilika zaidi ya mara moja, na mbio zimeendelea, kwa kuwa mwenye shamba anayefungua geti lake na mzazi anayepika kwa ajili ya shule ya mwanawe hawakuwa wameajiriwa na mdhamini.

Kuhusu kuahirisha, mbio za barabarani zimekwisha kutuonyesha yanayotokea. Tour of California iliendeshwa kuanzia 2006 hadi 2019, kisha wamiliki wakatangaza kuisimamisha ili watafute mfumo mwingine wa biashara. Haijarudi. Nchini Uingereza, Women's Tour ya 2023 ilifutwa kwa kukosa wadhamini, na Januari 2024 kampuni iliyokuwa ikiiandaa ikaingia kwenye ufilisi. Shirikisho la baiskeli la nchi hiyo likaichukua kazi hiyo na mwezi Juni mwaka huohuo likaendesha mbio za wanawake za siku 4 badala ya 6 za mwaka 2022. Lotte Kopecky, aliyekuwa bingwa wa dunia wakati huo, alikuja na kushinda. Sikumsikia mtu akisema kwamba ushindi wake ulikuwa pungufu kwa siku mbili.

Nitaambiwa kwamba mshiriki aliyefanya mazoezi ya siku saba atajiona amedhulumiwa. Namwelewa, maana nami nimewahi kuamka saa kumi usiku kwa miezi mitano nikijiandaa. Ila utamu na uchungu wa mbio hizi ni uchovu unaohamia kesho: kupanda baiskeli asubuhi na miguu ya jana, kuketi juu ya kiti kilichokuchubua, kusikia gia zikilalamika kwa mchanga ambao fundi hakuumaliza kuutoa. Uchovu huo hauhitaji juma zima. La Ruta de los Conquistadores, iliyoanza mwaka 1993, huvuka Costa Rica kutoka Pasifiki hadi Karibi kwa siku tatu au nne, na inahesabika miongoni mwa mbio ngumu kuliko zote za milimani.

Kupandisha ada ndilo pendekezo linalonisumbua zaidi. Waliokwisha kulipa walilipa kwa bei iliyotangazwa. Na wa kwanza kuondolewa na ada mpya hatakuwa yule mwenye baiskeli tatu na fundi wake binafsi. Atakuwa kijana aliyeazima magurudumu na kujinyima mwaka mzima ili siku moja apimwe na walio bora kumzidi.

Hapa pana jambo ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Ada hulipwa miezi mingi kabla ya mbio, na mashindano mengine huitumia kulipia madeni ya mwaka uliotangulia. Mdhamini anapojitoa ndipo inapogundulika kwamba fedha ya washiriki imekwisha kuliwa, na hapo hata kufupisha hakuwezekani tena. Ada ingepaswa kukaa kwenye akaunti ya peke yake hadi mbio zimalizike, na waandaaji wawaambie washiriki siku ileile wanayopata barua ya mdhamini, si wiki mbili kabla ya kuanza. Anayetaka kurudishiwa fedha yake kwa sababu siku zimepungua arudishiwe. Watakaobaki watakuwa wamebaki kwa kujua.

Katika kugawa kilichopo, ningeanza na madaktari na redio, kisha wenye mashamba na wanaopika. Mwenye shamba aliyeahidiwa malipo na asilipwe hafungui geti mwaka unaofuata, hata aje mdhamini tajiri kiasi gani. Zawadi za washindi zipunguzwe, kwa wanawake na wanaume kwa kiwango kilekile. Lango la kujazwa upepo lisubiri.

Mashindano ninayoyahudumia sasa yanapitia hali hii mwaka huu. Nimewaandikia waandaaji kwamba wakiamua siku tatu nitakuwa kwenye kituo changu siku zote tatu, na wakiamua moja nitakuwepo hiyo moja, kwa sharti kwamba kituo kiwe na redio yake, iliyochajiwa, kabla mshiriki wa kwanza hajaondoka kwenye mstari.