Kabla ya kwenda mji mdogo wa Ujerumani, tafuta mwenyeji

Wiki iliyopita dada mmoja anayesomea uuguzi huko Sachsen, jimbo la mashariki mwa Ujerumani, aliniandikia: "Dada, wewe huwa unaona nini kwenye hivyo vimji? Mimi nikienda nakuta milango imefungwa na mtaani hakuna mtu." Nilicheka kwa sababu ninajua anachosema. Jumapili mchana, mji mdogo wa Ujerumani unanyamaza kama nyumba iliyotoka kuzika. Maduka yamefungwa, na bibi aliye nyuma ya pazia anakukodolea macho lakini salamu haitiki. Ukienda peke yako na simu yako, utapiga picha tatu za nyumba za mbao, utarudi kituoni na utasema hakuna kitu.

Jibu langu fupi ni hilo la kwenye kichwa cha habari. Jibu refu ni Herrnhut.

Mmoravian, yaani muumini wa kanisa la Kiprotestanti lenye chimbuko Herrnhut, aliyekulia Rungwe, Tanzania, kama mimi amelisikia jina hilo tangu kipaimara. Ni kamji kalikoko mashariki kabisa mwa Sachsen, jirani na Poland na Ucheki. Kalianzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa dini kutoka Moravia, ambayo leo iko Ucheki, kwenye ardhi ya bwana mmoja mkubwa, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Mwaka 1732 wakatuma wamisionari wao wa kwanza visiwa vya Karibi, na mwaka 1891 wakafika kwetu Rungwe. Tangu 2024 mji huo umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Nilipotangaza kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba likizo yangu naenda huko, mtu akaandika: "Wenzio wanaenda Paris, wewe unaenda kutazama makaburi ya Wazungu?" Emoji za kicheko zikamiminika, hata za watu niliowapokea mimi uwanja wa ndege walipokuja hapa Ujerumani. Sijasahau. Leo haohao wananiuliza njia.

Treni haifiki Herrnhut siku hizi. Unashuka Löbau au Zittau, unapanda basi. Mwenyeji wangu, mama mzazi wa mwenzangu wa kazini, mwalimu mstaafu, alikuwa amesimama kituoni kabla basi halijafika. Na makaburini ndiko tulikoanzia.

Yako mlimani, Hutberg, katikati ya miti iliyopandwa kwa mistari. Mawe yamelazwa chini, saizi moja, tajiri na maskini. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, na watu wamezikwa kwa kufuatana walivyokufa, si kwa ukoo. Zinzendorf na watu wake tu ndio walioinuliwa, katikati kabisa. Nikauliza mbona hao wamependelewa. Mama akacheka: "Hata ndugu wana wakubwa wao." Akachuchumaa kwenye jiwe la mama yake, akaanza kukwangua kwa ukucha ukijani ulioota ndani ya herufi, moja baada ya nyingine, huku akiniambia kwamba naye atalala upande huu na mzee wake kule. "Miaka yote nimemsikiliza akikoroma. Nitapumzika."

Hilo, dada, hakuna kibao cha maelezo kitakachokuambia.

Alfajiri ya Pasaka wanapanda hapo na tarumbeta kulisubiri jua. Nikamwambia nyumbani nasi huenda makaburini alfajiri hiyo. Akanishika mkono, akataka nimwimbie tunachoimba. Nikaimba palepale, Kiswahili kikapanda Hutberg.

Kanisa lao ni ukumbi mweupe, mabenchi meupe, hauna madhabahu wala mimbari. Uliungua Mei 1945 vita vikiisha, ukajengwa upya. Karakana ya nyota za karatasi zinazotundikwa msimu wa Krismasi tuliipitia haraka, lakini ukienda na watoto usiikose. Nyota ya asili ina pembe 25, na zilianza kama zoezi la hesabu shuleni.

Saa tisa ni kahawa na keki nyumbani kwake. Hapa ndipo wengi wetu tunapoaga mapema ili tuwahi makumbusho. Usiage! Baada ya kikombe cha pili alifungua kabati akatoa kofia ya kitambaa ya bibi yake, yenye utepe wa buluu. Zamani wasichana walivaa utepe mwekundu, wasioolewa wa waridi, walioolewa buluu, wajane mweupe. Chini ya kofia kulikuwa na kadi ya posta ya zamani kutoka Rungwe: mmisionari na wanaume wanne mbele ya nyumba ya matofali, migomba nyuma. Jina la mmisionari limeandikwa kwa wino. Wale wanne wameandikwa "wasaidizi".

Iliniuma, na sikuficha. Mama hakujitetea. Alivaa miwani yake, akanisomea mwandiko wote wa nyuma, ule wa Kijerumani cha zamani ambao vijana wao wenyewe hawausomi. Kesho yake akapiga simu kwenye hifadhi ya nyaraka ya kanisa, ambako kuna karatasi na picha nyingi za Rungwe, akaniombea nafasi ya kwenda kusoma. Mimi peke yangu ningeanzia wapi?

Kwa hiyo ndugu zangu, tuache uvivu. Tunakaa nchi hii miaka na picha zetu zote ni Brandenburger Tor, lile lango maarufu la Berlin. Mwenyeji hatafutwi mbali: ni mwenzako wa zamu, ni mzee wa usharika, ni jirani anayekupokelea vifurushi. Muulize kwao ni wapi. Akikualika, fika dakika tano kabla, si baada. Usianze kumuuliza habari za wafalme, muulize nyumba yake imejengwa na nani. Na narudia, ukipewa kahawa, kaa.

Dada uliyeniandikia, Jumapili ya pili ya Septemba ni siku ya majengo ya kale Ujerumani nzima. Milango mingi inayofungwa mwaka mzima hufunguliwa, na mara nyingi anayekutembeza ni mwenye nyumba mwenyewe. Una muda wa kutosha kumuuliza mwenzako wa zamu kabla haijafika.