Master of Puppets sio kelele tu

Kaka hapo umesema muziki wa metali (ile rock nzito) ni kelele tu mwanzo mpaka mwisho, mi naomba usikilize albamu ya Master of Puppets ya bendi ya Metallica ya 1986 ukiwa umevaa hedifoni halafu urudi tuongee. Ule wimbo wa kwanza Battery unaanza na magitaa matulivu kabisa yasiyo na umeme, kama mtu anakubembeleza, ndo baadae linakuja dude lenyewe. Na huo wenye jina la albamu una dakika 8 na ushee, unazungumzia madawa yanavyomgeuza mtu kikaragosi, sasa msikilize James Hetfield, mwimbaji na mpiga gitaa wao, mkono wake wa kulia, sehemu kubwa anachapa nyuzi kwenda chini tu, chini, chini, kwa spidi ile, jaribu dakika 2 uone mkono unavyowaka moto, halafu katikati wanapunguza mwendo magitaa yanaimba taratibu mpaka unasisimka.

Ila mi kwangu roho ya albamu ni wimbo wa Orion. Hauna hata neno moja. Pale katikati besi ya Cliff Burton inabaki inatembea polepole, tamu balaa, na kinachoniuma ni kwamba Septemba mwaka huohuo alifariki kwenye ajali ya basi la bendi huko Sweden, miaka 24 tu jamani, na wimbo huohuo ndo ulipigwa kwenye msiba wake. Anza na huo, usiku, sauti juu.