Marumaru zimekataa kukaa sawa chini ya ngazi: weka mbali hiyo saruji nyeupe

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nyumba yetu ni ya ghorofa moja, na chini ya ngazi tumeweka choo cha wageni. Ukuta wa pembeni una urefu wa mita 1.8 kutoka mlangoni hadi mwisho, na juu yake ndiyo tumbo la ngazi, kwa hiyo dari linateremka. Fundi amebandika marumaru za poseleni za sentimita 30 kwa 60, amezilaza. Chini kote ni kuzuri, lakini zilipokutana na mteremko mambo yameharibika. Katikati zinagusa zege, upande wa mlangoni kuna uwazi wa milimita 4, na kule mwisho kidole kinapita. Nimepima, ni milimita 22. Anasema nisihofu, atajaza saruji nyeupe. Jirani yeye anashauri tubandike marumaru hadi kwenye mteremko wenyewe ili kasoro ifichike. Grauti, ile ya kujaza mistari kati ya marumaru, bado haijapigwa na nimebakiwa na boksi 2. Nifanye nini? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Nzuri, dada. Mzuie fundi leo hii asipige grauti wala asikoroge hiyo saruji nyeupe. Maadamu grauti bado, kazi yako inarekebishika bila kubomoa ukuta mzima.

"Nitajaza saruji nyeupe." Maneno haya nayakuta karibu kila nyumba ninayoitwa kukagua, na yananiumiza kuliko mengine yote katika kazi yetu, kwa sababu mwenye nyumba huyaamini. Siku ya kukabidhiwa kila kitu kinang'aa. Lakini saruji nyeupe iliyokorogwa kwa maji matupu husinyaa inapokauka, na ukiijaza nene ndivyo inavyosinyaa zaidi. Hata grauti halisi ya dukani ina kikomo, na kikomo hicho kimeandikwa kwenye mfuko: zile za unga laini huishia kama milimita 3, zenye mchanga nyingi hufika kama 12. Wewe una 22. Wiki chache tu utauona mstari mwembamba kama unywele, kisha uchafu utauingia na kuugeuza mweusi, kisha vipande vitaanza kumeguka kimoja kimoja na kuangukia sakafuni.

Na hapo kwako kuna jambo la pili ambalo fundi wako hakulifikiria. Juu ya choo hicho watu wanapanda na kushuka kutwa. Ngazi inatikisika, kidogo mno, jicho halioni, ila ukuta hautikisiki pamoja nayo. Kitu kigumu ukikishindilia kati ya vitu viwili vinavyocheza kila kimoja kivyake, lazima kipasuke. Ndiyo maana hata pale katikati ambapo unaona marumaru zimegusa zege vizuri, mimi napaona pana kasoro sawa na kule kwenye milimita 22. Marumaru hazitakiwi kugusa zege. Zinatakiwa ziache nafasi ya milimita 4 au 5, iliyo sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, halafu nafasi hiyo ijazwe kitu kinachovutika.

Sasa kwa nini zimetoka hivyo? Ngazi yenye kipandio cha sentimita 17 na kikanyagio cha 28 ina mteremko wa nyuzi 31 hivi. Fundi wako, naona kabisa, alipima pembe ya mteremko mara moja, akakata vipande vyote kwa pembe hiyohiyo, akaanza kuvipanga. Angefanikiwa kama tumbo la ngazi lingekuwa limenyooka kama rula. Mara nyingi halinyooki. Zege bichi ni zito, mbao zilizolibeba hulegea katikati, na likishakauka linabaki na kitambi. Weka rula ndefu ya aluminiamu kwenye mteremko wako uone: itakaa juu ya kitambi na kuyumba kama pembea, huku na huku pakiwa wazi. Uwazi ule ulikuwapo siku nyingi kabla ya marumaru ya kwanza kubandikwa. Aliyepaswa kuuona ni mpiga lipu, na baada yake mpanga marumaru, kabla ya kufungua boksi hata moja.

Kukata kwenye mteremko hakuhitaji kujua pembe hata kidogo. Kila kipande kinapimwa peke yake, na kinapimwa mara mbili. Mstari wa chini ukishakaa kwenye pima maji, unasimamisha futi upande wa kushoto wa mahali kipande kitakapokaa, unapima kwenda juu hadi kwenye zege. Unafanya hivyo upande wa kulia. Kila kipimo unakipunguzia milimita 5 za nafasi ya juu na unene wa mstari wa grauti wa chini. Unatia alama hizo mbili kwenye marumaru, unaziunganisha kwa penseli, unakata. Kipande kinachofuata unaanza upya, hata kama kinaonekana ni pacha wa kile cha kwanza. Pale penye kitambi, mstari wa penseli ulionyooka hautoshi. Hapo chukua karatasi ngumu ya boksi la marumaru zenyewe, ikate kwa mkasi mpaka ikae sawasawa chini ya zege, ndipo uilaze juu ya marumaru na kuichora. Ukatie grinda yenye diski ya almasi, polepole na kwa maji, maana ncha kali ya kipande cha mteremko hupenda kumeguka sentimita ya mwisho.

Kwako basi, vipande vyote vilivyokatwa kwa mteremko kwenye ukuta huo vitolewe. Kwa vipimo ulivyonipa havizidi 6 au 7. Boksi la marumaru za 30 kwa 60 kwa kawaida huwa na 8, kwa hiyo boksi 2 zinakupa 16, zinatosha hata ukuta wa pili ukiwa na kasoro hiyohiyo, mradi asivunje ovyo. Gundi ya zamani ichongwe ukutani yote, vipande vipya vipimwe kama nilivyoeleza. Ukitaka kazi nzuri zaidi, kabla ya kupima mwambie anyooshe tumbo la ngazi: achokoe zege ili lishike, apige lipu kwa mikono miwili, yaani tabaka mbili, huku na huku mwa kitambi, asijaze unene wote kwa mkupuo mmoja. Nafasi itakayobaki juu ijazwe silikoni ya vyooni, ile isiyonuka siki. Yenye harufu ya siki haishiki vizuri kwenye saruji na lipu. Kama unataka kupaka rangi hadi ukingoni, nunua ya akriliki, kwa sababu rangi haikai juu ya silikoni.

Wapo watakaokushauri safu za marumaru zilazwe mshazari kufuata dari. Usikubali. Safu zinafuata pima maji, dari lifuate lenyewe.

Ushauri wa jirani yako ndio umenifanya nijibu swali hili mapema. Poseleni ya unene wa milimita 10 ina uzito wa kama kilo 23 kwa mita ya mraba, maana yake marumaru moja ya 30 kwa 60 ni kilo 4 na ushee. Unataka kilo 4 zenye ncha kali zining'inie juu ya kichwa cha mgeni aliyekaa chooni. Na zimeshikiliwa na nini? Muulize fundi wako alibandikia nini hizo za ukutani. Akijibu "saruji", dada, hofu yako ihame kutoka kwenye uwazi wa milimita 22.

Poseleni hainywi maji. Kiwango chake ni chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Tope la saruji linashika kitu kinachonywa, kama matofali au zile marumaru za zamani zenye mgongo mwekundu wa udongo. Kwenye poseleni linalala tu juu juu. Niliitwa kwenye nyumba moja iliyoangusha marumaru usiku, watoto wamelala. Nikaiokota, nikaigeuza: mgongo ulikuwa safi kama sahani iliyooshwa, hata vumbi la saruji halikubaki. Ukutani lilibaki donge katikati na madonge manne pembeni, na alama za mgongo wa marumaru zimechapika humo kama muhuri. Fundi aliyeifanya alikuwa amesifiwa kwa kumaliza nyumba nzima kwa siku 4.

Hiyo ndiyo biashara inayotumaliza. Ukuta umepinda, badala ya kupiga lipu ya kunyoosha wanaweka madonge mazito hapa, mepesi pale, na uso wa nje unaonekana umenyooka. Nyuma ni mapango matupu. Poseleni inataka gundi ya mfuko iliyoandikwa C2, isambazwe ukutani kwa mwiko wenye meno na ipakwe kidogo mgongoni mwa marumaru pia, ili isibaki sehemu tupu. Gundi ni ghali kuliko saruji, nakubali. Lakini ukishanunua poseleni umeshanunua na gundi yake, huwezi kuzitenganisha.

Kwa hiyo kabla hujamlipa salio, chukua sarafu ya shilingi 200, upite ukuta wote ukigonga kila marumaru kwenye pembe nne na katikati. Iliyoshika inatoa mlio mfupi, mzito. Iliyo tupu nyuma inalia kama debe. Tia alama kwa penseli kila inapolia debe, mwite fundi aone mwenyewe, na zitolewe pamoja na zile za mteremko, kabla ya grauti.