Ati Samaki Mmoja Akioza?

SWALI: Nipo Mastodon, mtandao wa kijamii wenye seva nyingi, kila moja na msimamizi wake, mwaka wa tatu sasa. Wiki iliyopita msimamizi wa seva yetu alikata mawasiliano na seva nyingine nzima kwa sababu ya watukanaji wachache. Huko nilikuwa na marafiki 14, watu wapole kabisa. Hatukuulizwa. Ati samaki mmoja akioza wote wameoza? Kama ndivyo, tulikimbia kampuni kubwa za nini?

JIBU: Pole, ndugu yangu. Kabla hujaniamini, jua kwamba mimi pia nimewahi kushika shoka hilo. Tulikuwa wasimamizi wawili, wanachama hawafiki 300. Usiku mmoja malalamiko yakamiminika kuhusu seva moja: nafunga akaunti ya mtukanaji, anarudi na jina jipya. Mwenzangu kalala. Saa nane nikaikata seva nzima, nikalala. Asubuhi dada mmoja akaniuliza, "Shangazi yangu amekukosea nini?"

Sikuwa na jibu, maana hatua ya kati ilikuwepo. Msimamizi anaweza kuibana seva bila kuikata: machapisho yake hayaonekani hadharani kwenu, ila anayewafuata watu wa huko anaendelea kuwasoma. Ukiikata, kufuatana kunavunjika pande zote mbili, na hata ukijuta kesho na kuifungulia, hakurudi kwenyewe. Kila mtu aanze upya. Mimi hilo nililijua nikiwa nimeshachelewa.

Kitendo chenyewe cha kukata siwezi kukipinga. Gab, mtandao uliojulikana kwa matamshi ya chuki, ulipohamia kwenye programu ya Mastodon mwaka 2019, hakuna aliyeweza kuuzuia, kwani programu hiyo ni huria, yeyote anaichukua. Seva nyingi ziliufungia mlango. Watu wa Gab waliendelea kuzungumza wao kwa wao, wengine wakakataa kuwapokea. Sioni aliyenyang'anywa haki hapo.

Wewe ulichonyimwa ni taarifa na sababu. Mwandikie msimamizi, umuulize kwa nini kubana hakukutosha. Muulize kwa upole, huenda naye ni mtu mmoja asiyelipwa, mwenye usingizi. Kisha angalia arifa zako: tangu toleo la 4.3 la mwaka 2024, Mastodon humjulisha mtumiaji uhusiano uliokatwa na kumpa orodha aipakue. Ipakue leo.

Asipobadili msimamo, hama. Kampuni kubwa hazikupi nafasi hiyo: hapa wafuasi uliobaki nao wanahamia nawe kwenye seva mpya, na wale 14 unawafuata tena kutoka huko. Machapisho ya zamani hayahami, na hilo linauma. Hama pia seva ya sasa ikiwa bado hai, maana ikizimika ghafla hakuna wa kuwahamisha wafuasi wako.

Yule dada alihama siku ya tatu. Bado tunafuatana. Baadaye shangazi naye akanifuata, na ujumbe wake wa kwanza ulikuwa wa kunikaripia.