Mkienda kumwona mgonjwa, mpeni anayemuuguza usingizi

Wiki hii dada mmoja anayemuuguza mama yake, aliyepooza upande wa kulia, ameniandikia. Jumapili jumuiya ilifika kwake, watu 18. Waliimba, wakasali vizuri, wakanywa chai na maandazi, wakaacha bahasha. Walipoondoka jioni akaosha vikombe vyote peke yake. Alipomgeuza mama, akakuta ngozi ya kitokono, pale mwisho wa uti wa mgongo, imebadilika rangi, kwa kuwa tangu saa 8 mchana hakuna aliyemgeuza, naye aliona aibu kuwakatiza watu kwenye sala. Anauliza kama ni dhambi kutamani wasije tena.

Si dhambi, dada. Kosa ni la sisi tunaomwombea mtu saa nne nzima bila kumtazama.

Paulo aliwaandikia Wafilipi kwamba kila mtu aangalie mambo ya wengine, si ya kwake tu. Nyumba yenye mgonjwa wa kitandani, mambo hayo yanajulikana: kugeuzwa, kuoshwa, kulishwa, nguo za kufua, maji ya kuteka, dawa za kufuata, na usingizi wa anayeuguza. Hilo la mwisho ndilo tunalolisahau. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Hesabu mwenyewe: saa 4, saa 6, saa 8, saa 10 za usiku. Hakuna binti anayehimili hayo mwezi mzima peke yake. Akichoka, atapitiwa na usingizi, na kidonda cha kulalia sehemu moja muda mrefu kinaanzia hapo.

Kwa hiyo jumuiya ianze na usiku. Yenye kaya 12 ichukue usiku mbili kwa wiki, tuseme Jumanne na Ijumaa, kaya mbili kila usiku. Hapo kila kaya inafikiwa na zamu mara moja tu kwa wiki tatu. Waje watu wawili, kutoka saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi, kwa sababu kugeuza kunahitaji mikono minne. Angalau mmoja awe wa jinsia ya mgonjwa. Usiku upi, aseme anayeuguza, si mwenyekiti. Asiyeweza kufika atafute wa kumshikia zamu na kutoa taarifa kabla ya saa 6 mchana. Msianze kwa kishindo. Kinachoua mipango hii ni kwamba wiki ya kwanza wanakuja watu 15, na wiki ya tatu haji mtu. Ni heri wawili wa uhakika.

Sasa kugeuza kwenyewe, maana hapa ndipo nia njema inapoumiza watu. Kunjeni shuka mara mbili, lilale chini ya mgonjwa kutoka mabegani hadi mapajani. Mwambieni mnachotaka kufanya kabla ya kumgusa, hata kama hawezi kujibu, kwa kuwa wengi waliopoteza kauli bado wanasikia na kuelewa. Mmoja asimame kila upande, viringisheni kingo za shuka hadi karibu na mwili, hesabuni pamoja, mnyanyueni. Msimburute, kwa sababu kuburuta huchuna ngozi. Msimvute kwa mkono uliopooza, bega lake linaweza kuchomoka. Mlazeni ubavu nusunusu, asilalie mfupa wa nyonga moja kwa moja. Mto mmoja nyuma ya mgongo, mwingine katikati ya magoti, wa tatu chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee bila kugusa godoro. Mkono uliopooza nao uwekewe mto.

Kila mnapogeuza, washeni taa mtazame kitokono, nyonga, visigino, viwiko, mabega, kisogo na masikio. Kwenye ngozi nyeusi msisubiri wekundu, hamtauona. Tafuteni sehemu iliyokolea weusi kuliko jirani yake, yenye joto, iliyo ngumu au iliyolegea kama embe lililoanza kuiva kupita kiasi. Mkiiona, mgonjwa asiilalie tena. Wala msiisugue kwa mafuta kama wengi wafanyavyo: nyama ya chini imeshakosa damu, na kusugua kunaimalizia. Msimkalishe juu ya kata ya kitambaa wala mpira wa duara, maana duara hubana damu pande zote na katikati panakufa. Ngozi ikishafunguka, mwiteni muuguzi, na asiruhusiwe mtu kupaka majivu wala dawa ya kuambiwa.

Usiku ule wa mwisho Yesu alivua mavazi yake, akajifunga kitambaa, akamimina maji kwenye beseni. Tumeuhubiri sana mstari huo. Kwa mgonjwa, beseni ziwe mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, maji ya uvuguvugu yaliyopimwa kwa kiwiko. Anzeni na uso bila sabuni, jicho lifutwe kutoka puani kwenda nje. Kisha mikono, kifua, miguu, mgongo. Badilisheni maji, ndipo sehemu za siri, mwanamke afutwe kutoka mbele kwenda nyuma. Sehemu mnayoosha tu ndiyo iwe wazi, kwingine kote kanga. Kausheni makwapa, chini ya matiti, kwenye kinena na katikati ya vidole, kwani unyevu ukibaki hapo huleta fangasi. Na mlango ufungwe. Mama aliyelea watoto sita hastahili kuoshwa huku jirani akichungulia kuuliza chumvi.

Kulisha kunahitaji uvumilivu kuliko nguvu. Aketishwe wima kabisa, kidevu kikiinama kidogo, nusu kijiko kwa mara moja, upande wa mdomo ulio mzima. Subirini ameze, kisha angalieni shavu lililopooza, kwa sababu chakula hujificha humo bila yeye kujua. Akikohoa, au sauti ikiwa kama ya mtu mwenye maji kooni, acheni. Kwa mtu wa kiharusi, mara nyingi uji mzito kidogo ni salama kuliko chai, maana chai hukimbia na kuingia njia ya hewa. Abaki wima dakika 30 baada ya kula. Mgeni anayemnywesha soda mgonjwa aliyelala chali anafanya kwa upendo, lakini soda hiyo inaweza kwenda kwenye mapafu.

Wekeni daftari karibu na kitanda: saa aliyogeuzwa na upande aliolazwa, alichokula na kiasi, mkojo, choo, dawa. Wanaoshika zamu wasilazimike kumwamsha binti kuuliza.

Kuhusu dawa nitasema wazi, kwa kuwa nimechoka kusikia habari hizi. Asiwepo mwanajumuiya wa kumwambia mgonjwa ameshapokea uponyaji, aache vidonge. Aliyepata kiharusi akiacha dawa za presha anaweza kupata kingine, na aliyemshauri hatakuwepo kumgeuza.

Bahasha ni njema. Msamaria alitoa dinari mbili, ila aliahidi pia kurudi na kulipa kilichozidi, na hapo ndipo wengi tunaishia njiani. Ulizeni kila wiki kilichokwisha: sabuni, glovu, nepi za watu wazima, mpira wa kutandika chini ya shuka. Nunueni hicho. Jina la mtoaji halina haja ya kusomwa, wala picha ya mgonjwa kurushwa kwenye kundi la WhatsApp.

Na mkija kusali Jumapili, njooni na chai yenu kwenye chupa na mwoshe vikombe kabla ya kuondoka. Muulizeni dada amegeuza saa ngapi. Saa ya kugeuza ikifika katikati ya wimbo, wimbo usimame, wawili wanawe mikono, washike kingo za shuka.