Muulize Fundi wa Ngozi: Jaketi la Rubani Huanzia Begani

Shikamoo Fundi. Nimejinunulia jaketi la ngozi la mtindo wa A-2, lile la marubani wa Marekani wa Vita Kuu ya Pili. Koti langu la suti ni saizi 40, yaani inchi za kifua, nikaagiza 40. Limefika na nimevunjika moyo. Linanikaba kwapani, mgongo unavuta nikinyoosha mikono mbele, na pindo linaishia kwenye mkanda wa suruali, nikiinama kidogo fulana inachungulia. Kifua changu ni sentimita 102. Nimelilaza mezani, likapima 56 kutoka kwapa hadi kwapa. Mshono wa bega unakaa pale mfupa unapoishia. Nirudishe nichukue 42?
— Mwenye Fulana Inayochungulia

Marahaba, mwanangu. Usirudishe. Umelitaja bega mwishoni mwa barua kana kwamba ni jambo dogo, kumbe ndilo lililo kubwa kuliko yote uliyoandika. Mshono umekaa mfupa unapoishia: wapo wanaonunua na kuuza majaketi matatu wasilipate hilo.

Ukichukua 42, kwapa litalegea kweli, lakini na bega litateremka. Kuna mteja sijamsahau. Aliniletea jaketi la ngozi ya farasi, zito, zuri la kutamanisha, alilolichukua saizi moja juu kwa sababu hiihii yako. Bega lilikuwa limeshuka vidole viwili. Akaniambia, "Fundi, hapa si unapunguza tu?" Nikamwonyesha mshono. Sindano ikipita kwenye ngozi huacha tundu, na tundu hilo halifi. Kitambaa ukikifumua, ukakinyunyizia maji na kukipiga pasi, alama hupotea. Ngozi ukiifumua, mstari wa matundu unabaki palepale, kila mtu anauona. Tena ili kulisogeza bega ni lazima kung'oa mkono mzima, bitana, na ile mikanda midogo ya mabegani. Nilimrudishia jaketi lake bila kuligusa. Tangu siku ile, mtu akiniuliza habari za saizi, namuuliza bega kwanza, kifua baadaye.

Sasa tuhesabu kifua chako. Sentimita 56 mara mbili ni 112. Toa 102 ya mwili, inabaki nafasi ya 10. Kwa A-2 inayovaliwa juu ya shati, kumi ni kipimo changu cha kuanzia, na napenda isizidi 13. Anayetaka kuvalia sweta nene ndani namruhusu afike 15. Ikizidi hapo, mkanda wa kufuma wa kiunoni unavuta ngozi ndani, na juu yake jaketi linavimba kama puto.

Kwapa linalokaba ni kwa sababu tundu la mkono limekatwa juu, karibu na mwili. Hii ni sifa, si kasoro. Inua mikono yote miwili uone: jaketi lenye kwapa la juu hupanda kidogo tu, lakini lenye kwapa lililoshuka hubebwa zima hadi masikioni. Ngozi mpya ni ngumu, hasa ya farasi. Livae nyumbani saa moja au mbili kila siku, uendelee na shughuli zako, na baada ya wiki chache litakunja mikunjo yake kwapani na kwenye viwiko. Mikunjo hiyo itakuwa yako wewe, haitamfaa mwingine. Kinachokaba leo kwa ugumu kitalegea. Kinachokaba hadi vidole vikafa ganzi hakitalegea, na hicho ndicho cha kurudisha.

Mgongo kuvuta ni kweli, wala sitakudanganya kwamba utaacha kabisa. Mgongo wa A-2 ni kipande kimoja cha ngozi, hauna mshono wa katikati wala marinda. Jeshi la Wanamaji la Marekani lilikuwa na mkato mwingine, ukoo wa lile tunaloliita G-1, lenye kola ya manyoya, marinda mawili nyuma ya mabega, na kipande cha nyongeza kwapani. Ukinyoosha mikono, marinda yanafunguka. Kama kazi yako ni ya kuendesha gari kutwa, ningekushauri hilo la pili. Kwa kutembea na kukaa, A-2 inatosha.

Na ufupi? Jaketi hili lilikubaliwa rasmi mwaka 1931, na mvaaji wake alikuwa mtu wa kuketi. Rubani ameketi, amefungwa mikanda, mikono iko mbele. Koti refu lingejikunja mapajani na kumsukumia kola shingoni. Zaidi ya hapo, suruali za zama zile zilifungwa juu, karibu na kitovu, kwa hiyo pindo la jaketi na kiuno cha suruali vilipishana vizuri. Wewe bila shaka unavaa suruali inayokaa nyongani. Jaketi si fupi, mwanangu, ni suruali iliyoshuka. Jaribu suruali ya kiuno cha juu, au chomekea shati, kisha ujitazame upya kwenye kioo.

Kabla hujaamua, fanya hivi. Funga zipu hadi juu, uketi kwenye kiti, nyosha mikono kama mtu aliyeshika usukani, kisha vuta pumzi hadi kifua kijae. Pumzi ikipita bila zipu kukuuma, umefaulu. Halafu simama, umwombe mtu akupige picha ya mbele na ya nyuma. Mikunjo ya kulala inayotoka kwenye zipu kwenda kwapani inasema jaketi ni dogo. Mikunjo ya kusimama, inayoning'inia kama pazia mgongoni, inasema ni kubwa. Jipime kwa picha, maana kwenye kioo sote hujinyoosha.

Neno moja kuhusu lebo, kwa kuwa wengi huniuliza. Wakati wa vita A-2 zilishonwa na watengenezaji wengi waliopewa kandarasi, kama Rough Wear, Aero na Dubow, na kila mmoja alikuwa na mkato wake. Wanaoyaiga leo huiga hadi tofauti hizo. Kwa hiyo 40 ya huyu si 40 ya yule. Usiulize saizi, uliza sentimita za bega, za kwapa hadi kwapa, za mkono, na za mgongo kutoka chini ya kola, kisha uzilinganishe na koti lako linalokukaa vizuri, likiwa limelazwa mezani.

*

Fundi, mimi ni mwanamke, napenda sana majaketi haya. Bega langu ni sentimita 38 na kifua 96. Muuzaji ameniambia nichukue dogo kabisa la kiume. Nisikilize?
— Dada wa Bega Dogo

Usimsikilize, dada yangu. Mkato wa kiume wenye bega la 38 kwa kawaida utakuwa na kifua kinacholingana na chako au kukizidi kidogo tu, yaani hutafunga zipu. Ukipanda hadi kifua kitoshe, bega litaanguka. Vipimo vyako havina kosa; kosa ni kukulazimisha kuingia kwenye mwili wa mtu mwingine.

Jambo hili lina historia yake. Marubani wanawake wa WASP, waliorusha ndege za jeshi la Marekani mwaka 1943 na 1944, walivaa A-2, lakini ovaroli walizopewa mafunzoni zilikuwa za saizi za wanaume. Walikunja mikono, wakakunja miguu, wakajifunga mikanda, wakaruka hivyohivyo. Wao walikuwa vitani na hawakuwa na la kuchagua. Wewe unalo.

Shonesha kwa vipimo vyako. Mwambie fundi bega 38, kifua cha jaketi 106, marinda ya nyuma kama ya G-1, na ngozi ya mbuzi, kwa sababu ni nyepesi na hufuata umbo mapema kuliko ya farasi. Mkanda wa kiunoni aupime mahali utakapokaa, juu ya nyonga, si kwenye nyonga zenyewe. Mwombe akushonee kwanza la kitambaa cha bei nafuu, ulijaribu, ndipo aikate ngozi. Fundi akikataa hatua hiyo, tafuta mwingine. Ngozi iliyokwisha kukatwa haina marekebisho.

*

Mikono ya jaketi langu jipya imezidi sentimita 2. Rafiki ameniambia nililoweke kwenye maji ya moto lisinyae. Je, ni salama?
— Mwenye Mikono Mirefu

Hapana, tafadhali, usifanye hivyo. Maji ya moto huikaza ngozi ovyo, hapa sana, pale kidogo, na kuifanya ngumu. Ufumo, yaani ule mkanda wa kufuma wa kiunoni na wa mwisho wa mikono, unasinyaa kwa namna yake, bitana kwa namna yake, na zipu inabaki ilivyo. Utapata jaketi lililopinda.

Sentimita 2 ziache. Viwiko vikishakunja, mkono hupanda wenyewe sentimita moja au zaidi, na ukiketi unapanda tena. Baada ya miezi mitatu ya kulivaa, tazama: mkono ukining'inia, ufumo uishie pale kiganja kinapoanzia. Ukiwa bado umezidi, hapo pana dawa, tofauti na begani. Fundi wa ngozi hufumua mshono unaoshika ufumo, hukata ngozi kiasi kinachotakiwa pamoja na matundu yake ya zamani, na kuurudisha ufumo uleule. Mwambie akate kidogo, ulijaribu, ndipo amalizie.